Hesabu ya Asubuhi Kwenye Mierezi

Kazi yangu ni kuhesabu kima.
Alfajiri, kabla Azrou haijachemsha chai yake,
napanda mlima na daftari, na kalamu ya risasi
(wino huganda), na darubini ya mradi
iliyopasuka jicho moja.
Kundi hili ni thelathini na tisa.
Jana lilikuwa arobaini.

Hawana mikia. Watalii huwarushia karanga, hucheka,
husema huyu kafanana na mjomba.
Mimi nimewaona usiku wa theluji
wamejibana juu ya tawi moja,
kifua mgongoni, kidevu begani,
mtoto katikati kama kokwa,
hata hujui mkono huu ni wa nani
wala joto hili limeanzia kwa nani.

Aliyepungua nilimkuta peke yake, tawi la tatu,
kajikumbatia mwenyewe.
Mikono miwili tu. Haikutosha.
Nikaandika: dume, mzee, baridi.
Safu ya sababu ni nyembamba,
haina pa kuandika kwamba tangu Oktoba
hakuna aliyemchambua manyoya.

Sasa la Sikio-Pasu na Kijivu.
Hawa waliraruana mwezi wa Novemba,
damu ikatona hadi kwenye mizizi;
tangu hapo huyu akila kusini, yule hula kaskazini.
Leo Sikio-Pasu kachukua mtoto wa masika,
si wake, wala simjui ni wa nani,
kamweka kifuani, kaenda naye taratibu
kama mtu abebaye yai kwenye barafu,
mpaka mbele ya Kijivu.
Kima hasemi samahani. Hana neno hilo.
Sisi tunalo, tumelitunza mno, limeota kutu.
Akamnyanyua mtoto; Kijivu akapokea miguu.
Wakainamia tumbo lile dogo, vichwa viwili,
wakatatarisha meno, ta-ta-ta-ta,
meno yaleyale ya Novemba.
Na mtoto chali katikati, anatazama wingu,
hana habari kuwa yeye ni daraja.

Nikaandika: saa mbili kasoro dakika nane.
Mguso. Sekunde arobaini.
Kalamu ikavunjika ncha.

Dada yangu Tuda anakaa nyuma ya ukuta wangu.
Ukuta si mnene: namsikia akipepeta shayiri,
namsikia akimkemea paka kwa sauti ya mama.
Miaka sita, kisa bangili ya fedha
ambayo mama, pumzi ya mwisho, alimwachia mmoja wetu,
na kila mmoja alisikia jina lake.
Tunasalimiana kwa vikohozi.

Jioni hiyo mlango ulisukumwa, haukubishwa.
Tuda, na mjukuu wake Yidir begani.
Bangili hakuitaja.
Alisema, "Huyu ana chawa. Macho yangu yamekwisha.
Wewe si ndiyo kazi yako, kutazama?"

Nikampakata mtoto. Nikasogeza taa.
Nikagawa nywele kwa ukucha, mstari kwa mstari,
kama ninavyowaona wakifanya kule juu,
naye akaketi upande wa pili wa kichwa kilekile,
akaanza kupapasa kutoka kisogoni.
Tulikutana utosini.
Vidole vyake vina ugumu nisioukumbuka,
na kovu la mundu ninalolikumbuka,
maana nilikuwepo, nililifunga mimi, kwa kilemba changu.
Havikuondoka.

Sikuona chawa hata mmoja.
Wala yeye.
Tukaendelea kutafuta.

Yidir akalala. Theluji ikaanza upya kugusa dirisha,
na juu ya kichwa cha mtoto
meno yake yakaanza kugongana, ta-ta-ta,
na yangu yakamjibu.

"Baridi," akasema.
"Baridi," nikasema,
na jikoni moto ulikuwa unawaka.